Bastola Mpya: Risasi 200 za Kwanza na Daftari Lake

Kabla hujanunua hata kichupa cha mafuta ya bunduki, nunua daftari. Lile la kurasa 32 wanalobeba watoto kwenda shuleni linatosha. Andika juu yake nambari ya bastola yako, na liwe linakaa kwenye mkoba mmoja na miwani na vikinga masikio.

Nasema hivyo kwa sababu wengi wanaonikuta uwanjani huku Nakuru na mguu wa kuku mpya kiunoni huja na lalama moja tu: "Inakwama." Muulize inakwama vipi, anainua mabega. Ganda lilibaki ndani ya chemba (chumba cha risasi nyuma ya mtutu) au lilisimama dirishani, pale maganda yanapotokea? Ilikuwa risasi ya ngapi? Kutoka magazini ipi? Hajui. Amefyatua risasi hamsini, amelipa, ametoa jasho, na hakuna hata moja iliyomwachia habari.

Na risasi kwetu si kitu cha kuchezea. Cheti chako chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, kinataja idadi ya risasi unazoruhusiwa kununua na idadi unayoruhusiwa kuwa nayo kwa wakati mmoja. Ukisoma ushauri wa Wamarekani kwamba fyatua 500, kisha 500 nyingine, kumbuka mwenzako huyo huingia dukani akatoka na katoni. Wewe una kiboksi cha hamsini na hesabu inayoangaliwa. Ndiyo maana mpango wangu ni wa risasi 200, zilizogawanywa kwa siku tatu, na kila moja ifanye kazi ya kutoa ushahidi. Panga mapema na wenye uwanja namna utakavyozinunua na kuzimaliza bila kuvuka kilichoandikwa kwenye cheti.

Haya yote yanamhusu mwenye leseni, na bastola iliyoandikwa kwa jina lake.

Ni nini kinachozoeana?

Bastola nyingi unazoziona hapa Kenya, iwe Glock, iwe Ceska (wenyewe wa kiwandani huandika CZ, ila magazeti yetu yameshaamua), hufanya kazi kwa mtindo uleule aliouasisi John Browning zaidi ya miaka 100 iliyopita. Risasi ikilia, mtutu na slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza, hurudi nyuma pamoja milimita chache. Mtutu unainama na kusimama. Slaidi inaendelea peke yake. Ekstrakta, ule ukucha mdogo ulio ubavuni mwa slaidi, imeshalishika ganda na inalivuta kutoka kwenye chemba. Ganda linagongana na ejekta, kichuma kisichosogea, na kurushwa nje kupitia dirishani. Springi ya kurudisha inaisukuma slaidi mbele, nayo inakokota risasi nyingine kutoka juu ya magazini, inaipandisha kwenye kijiteremko kilicho chini ya chemba, inaifungia ndani.

Soma aya hiyo mara mbili. Kuvuta, kurusha, kupandisha, kufunga. Kukwama kokote utakakokutana nako ni mojawapo ya kazi hizo iliyokatika katikati, na ukishajua ni ipi, umemaliza nusu ya safari.

Bastola ikiwa mpya, reli za slaidi bado zina ukwaru wa kiwandani, springi ya kurudisha ina nguvu zake zote, na springi za magazini ni ngumu kiasi kwamba risasi ya mwisho inakuvunja kidole gumba. Vyote hivyo vinalegea kidogo kwa kutumika. Kiwanda cha Kahr huandika waziwazi kwamba bastola zake zisihesabiwe kuwa za kutegemewa kabla ya risasi 200. Bastola za mtindo wa 1911 (modeli ya zamani ya Browning) ambazo vipande vyake vimebanwa sana huhitaji zaidi ya hapo. Glock, ambayo jeshi la Austria liliichukua mwaka 1982, kwa kawaida hufanya kazi tangu siku ya kwanza, na hapo risasi zako 200 si za kuilainisha bali za kuithibitisha.

Kuna kitu cha nne kinachozoea ambacho hakuna mwuzaji atakayekutajia: mkono wako. Tutakifikia.

Kazi ya mezani

Usiipeleke uwanjani kama ilivyotoka kwenye kasha. Tenga jioni moja. Watoto walale au waende kwa shangazi yao, televisheni izimwe, risasi zibaki chumba kingine kabisa, si pembeni mwa meza. Mimi huweka ndoo ya lita 20 iliyojaa mchanga ukutani, na mdomo wa bastola haugeukii kwingine ila kwenye ndoo hiyo mpaka nimalize.

Chomoa magazini kwanza. Kisha vuta slaidi, ifunge nyuma, tazama ndani ya chemba, halafu ingiza kidole kidogo uhisi tundu tupu. Mpangilio huo una sababu. Ukivuta slaidi kabla ya kuchomoa magazini, unatoa risasi moja na kuingiza nyingine, na macho yako yameshaona risasi ikitoka, kwa hiyo moyo umetulia. Bastola kadhaa, Glock ikiwemo, hudai ubonyeze kifyatulio ndipo zifunguke. Watu wamejitoboa viganja kwenye hatua hiyo hiyo moja. Kagua tena hata kama umekagua.

Ifungue kwa kufuata kitabu chake, si video ya mtu mwenye modeli inayofanana na yako. Utakuta imepakwa mafuta mazito ya kuikinga na kutu safarini. Hayo si mafuta ya kufanyia kazi. Yafute kwenye reli, ndani ya mtutu, ndani ya chemba, na hasa chini ya ule ukucha wa ekstrakta, ambako hujificha na kuganda. Tumia mswaki wa meno uliostaafu na kijiti cha pamba. Isipokuwa kama ni Glock: ile grisi ya rangi ya shaba utakayoiona ndani ya slaidi kiwanda chenyewe kinasema uiache. Wengi huifuta wakidhani ni uchafu.

Pitisha kitambaa kikavu ndani ya mtutu, utazame kwenye mwanga kama ni mweupe mwisho hadi mwisho. Kisha weka mafuta: tone moja kila reli, tone moja la kupaka nje ya mtutu pale panapong'aa kwa kusuguana na slaidi, tone moja kwenye kile kichuma cha chini ya mtutu kinachouinamisha. Basi. Usitie mafuta kwenye njia ya pini ya kugonga, wala ndani ya magazini, wala kwenye risasi.

Kiasi cha mafuta ni jambo la mahali unapoishi. Vumbi la Nakuru tunalijua. Kuna wanaosema hata jina la mji lilitokana nalo kwa Kimaasai. Ni vumbi jepesi la udongo wa volkano, na likikutana na mafuta mengi linageuka msasa. Huku paka kidogo, futa mara kwa mara. Ukiwa Kisumu, shida yako ni jasho. Bastola inayokaa ndani ya shati kuanzia asubuhi mpaka jioni kando ya ziwa itapata vidoa vya kutu nyuma ya slaidi na kwenye skrubu ndani ya wiki chache, kwa hiyo kitambaa chenye mafuta kiipitie nje kila usiku. Na mafuta yenyewe yawe ya bunduki. Ukikosa kabisa, oili safi ya injini itakuvusha, lakini si mafuta ya kupikia. Niliwahi kuishika bastola iliyopakwa ya kupikia. Slaidi ilikuwa inajivuta kana kwamba imetiwa gundi, na ilinukia chapati.

Ukishaifunga, kabla hujaondoka mezani, weka alama kwenye magazini zako. Kalamu ya wino usiofutika, kitakoni: 1, 2, 3. Kazi hii ya sekunde tano imeokoa pesa nyingi kuliko fundi yeyote ninayemjua.

Siku ya kwanza: 50

Miwani, vikinga masikio, kofia yenye ukingo ili ganda la moto lisiingie kati ya miwani na shavu. Shabaha kwa mita 7, kubwa, ya karatasi. Hujaja kuonyesha ustadi.

Nunua risasi za kawaida za kiwandani, za kichwa cha mviringo kilichofunikwa shaba. Kwa bastola ya milimita 9 ninapendelea zenye kichwa cha uzito wa greni 124, yaani gramu 8, kuliko zile nyepesi za greni 115 za bei ya chini. Springi ikiwa mpya na ngumu, teke lenye nguvu zaidi kidogo linaisaidia slaidi kurudi mpaka mwisho wake. Usianze na risasi zilizojazwa upya na mtu, hata kama mtu huyo ni rafiki yako.

Tia risasi moja tu kwenye magazini. Fyatua. Slaidi imefunga nyuma? Ganda limeruka wapi? Andika. Kisha tia mbili. Hizi mbili zina kazi yake: kama bastola ina hitilafu ya kufyatua mara mbili kwa kubonyeza mara moja, ni afadhali igundulike ikiwa na risasi mbili kuliko kumi na tano. Kisha tano. Ukiridhika, endelea kwa kumi kumi, ukibadilisha magazini kwa zamu, na baada ya kila kumi andika mstari: magazini, risasi, matokeo.

Mstari wa daftari langu la zamani unasomeka hivi: "M2, greni 115, ya 7, ganda dirishani. M1, hizo hizo, safi. M2 tena, ya 4, ganda dirishani." M2 ni magazini namba 2. Fundi akipewa hivyo anajua pa kuanzia. Ukimwambia "inakwama," atakuuzia springi.

Baada ya hamsini, acha. Rudi nyumbani, ifungue, tazama mahali panapong'aa upya. Mikwaruzo miwili iliyonyooka kwenye reli zote, sawa kulia na kushoto, ni kawaida. Mkwaruzo mmoja wa kina upande mmoja tu ni wa kuandika na kupiga picha. Na nawa mikono kwa maji baridi na sabuni kabla hujagusa chakula. Risasi za bei nafuu huacha madini ya risasi kwenye vidole.

Ikikwama

Sheria mbili kabla ya zote. Kidole kitoke kwenye kifyatulio, na mdomo ubaki shabahani. Mtu aliyekwama huwa na tabia ya kuigeuza bastola ubavu aisogeze usoni kuichungulia, na akigeuza ubavu mdomo unamtazama jirani yake. Nimeona mkufunzi mpole kabisa akimnyang'anya mtu silaha kwa ajili hiyo.

Na kabla hujaisafisha hitilafu, itazame sekunde mbili. Ushahidi uko pale pale.

Ganda limesimama wima dirishani, limebanwa na slaidi. Uwanjani kwetu tunaliita soja, kwa sababu limesimama getini halitoki wala haliingii. Maana yake kuvuta kumefanyika, kurusha hakukukamilika: slaidi haikurudi nyuma kwa kasi ya kutosha. Gonga kitako cha magazini, vuta slaidi kwa nguvu, endelea.

Sababu yake kuu, na hapa nitakaa kidogo, ni mkono. Mwaka fulani alikuja jamaa kutoka Kisumu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu mkubwa wa mwili, bastola ya plastiki bado inanukia kasha. Kila risasi ya tatu au ya nne, soja. "Omera, hii kitu nimeuziwa hasara," akaniambia. "Jumatatu nairudisha." Nikamwomba mkufunzi wa zamu aipige yeye. Akapiga kumi na magazini ile ile, risasi zile zile. Safi. Jamaa akaishika tena, soja. Nikaacha kuitazama bastola, nikamtazama yeye kwa ubavu. Kila mlio, kiwiko chake kilikunjika na kifundo cha mkono kikapinda juu kama mtu anayepungia matatu. Bastola yote ilikuwa inarudi nyuma pamoja na mkono, kwa hiyo slaidi haikuwa na kitu kigumu cha kurudi dhidi yake. Fikiria unamsukuma mtu aliyevaa viatu vya magurudumu: mnaondoka wote wawili. Nilimwambia apandishe kiganja mpaka juu kabisa ya mpini, mkono wa kushoto ubane zaidi ya ule wa kulia, viwiko vinyooke bila kukakamaa. Risasi thelathini zilizofuata hazikusimamisha soja hata mmoja. Jumatatu hakurudisha kitu.

Ukubwa wa mwili hauhusiani. Mama mmoja mwembamba wa Milimani hajawahi kukwama mbele yangu, kwa sababu alifundishwa kushika kabla ya kufundishwa kulenga.

Kama mkono ni imara na soja bado anakuja, badilisha risasi kwa zenye nguvu zaidi. Kama bado, sasa ndipo umshuku ukucha wa ekstrakta au ejekta.

Risasi mbili zimebanana, moja imo chembani na nyingine inaisukuma kwa nyuma. Hii ni matatu ya jioni ya kwenda Molo, abiria wawili wanagombea kiti kimoja. Kugonga na kuvuta hapa kunazidi kubananisha. Funga slaidi nyuma ili kuondoa shinikizo, ing'oe magazini kwa nguvu (itakataa, ing'oe), vuta slaidi mara tatu, tazama chembani, ingiza magazini nyingine. Kisha okota kilichotoka mbele. Ni ganda tupu? Basi ekstrakta ilishindwa kulivuta: chemba chafu, au ule mgando wa mafuta ya kiwandani ambao hukuufuta chini ya ukucha. Ni risasi nzima? Basi magazini imetoa mbili kwa mara moja, na midomo yake ya juu inahitaji kuangaliwa. Andika nambari ya magazini.

Slaidi haijafunga, imebaki milimita mbili tatu. Jiulize kwanza uliifungaje. Wageni huisindikiza slaidi mbele kwa mkono taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alicholala mtoto. Iachie ghafla, springi inajua kazi yake. Ikiwa hukuisindikiza na bado haikufunga, ni ukavu, uchafu, au risasi iliyonona. Wengi huipiga kwa kiganja nyuma ya slaidi. Usifanye hivyo kabla ya kujua, maana risasi iliyozidi kipimo ukiipiga inang'ang'ania chembani na kutoka kwake ni kazi nyingine. Itoe. Nyumbani, mtutu ukiwa umetolewa kwenye bastola, iangushe risasi ya aina hiyo chembani: inatakiwa iingie kwa mlio wa "tok", na ukiupindua mtutu ianguke yenyewe bila kusukumwa. Ikikwama katikati, kosa ni la risasi.

Pua ya risasi imegonga chini ya chemba, haikupanda. Mara nyingi magazini haikuingia mpaka mwisho, hasa ikiwa imejaa pomoni na slaidi iko mbele. Igonge mpaka isikike. Ikijirudia na magazini ile ile moja, magazini ni mgonjwa. Ikijirudia na zote na risasi za aina moja tu, bastola haipendi umbo la hizo.

Slaidi haifungi nyuma magazini ikiisha. Tazama kidole gumba chako kilipo. Kikilalia kile kichuma cha kuzuia slaidi, kinakinyima kupanda. Kikisukuma kutoka chini, slaidi itafunga nyuma wakati bado kuna risasi. Kwa watu kumi walionijia na shida hii, bastola mbovu sikumbuki hata moja.

Umebonyeza, umesikia "klik" tu. Ngoja. Mdomo shabahani, hesabu 30 kimoyomoyo bila kuharakisha, kwa sababu kuna risasi ambazo baruti huchelewa kuwaka. Kisha itoe uitazame kitako. Praima, kile kiduara cha katikati ya kitako kinachowasha baruti, ikiwa imebonyea kwa kina, risasi ilikuwa mbovu. Ikiwa imeguswa kidogo tu, ama slaidi haikuwa imefunga sawasawa, ama njia ya pini ya kugonga ina mafuta, yale niliyokuambia usitie. Isipokuwa na alama yoyote, pini haikuifikia kabisa; na kama hakuna kilichotoka, chemba ilikuwa tupu, magazini haikuingia.

Umesikia "puf", teke dogo lisilo la kawaida. Simama hapo hapo. Usigonge, usivute, usifyatue tena. Kuna uwezekano kichwa cha risasi kimekwama ndani ya mtutu, na risasi inayofuata itaupasua mikononi mwako. Inua mkono, mwite afisa wa uwanja, bastola ifunguliwe na mtutu utazamwe kwenye mwanga. Kati ya yote niliyoandika hapa, hili ndilo pekee ambalo kulikosea mara moja kunatosha.

Utaratibu wa kushuku

Ikikwama zaidi ya mara mbili, badilisha kitu kimoja, kimoja tu, kisha piga kumi. Anza na magazini. Kisha risasi. Kisha mkono, yaani mwombe mkufunzi apige yeye. Kisha mafuta. Bastola yenyewe ni ya mwisho kwenye foleni. Ukibadilisha magazini na risasi kwa pamoja na hitilafu ikapotea, hujui ni ipi iliyokuponya, na umekula risasi zako bure.

Ikiwa kosa lile lile limejirudia kwa magazini tatu, risasi za aina mbili na wapigaji wawili, sasa una kesi. Irudishe kwa mwuzaji aliyesajiliwa pamoja na daftari. Usimpelekee fundi wa jua kali hata kama ana mashine nzuri ya kukereza. Kutengeneza silaha kibiashara bila usajili ni kosa. Wala usiiguse kwa tupa. Mimi mwenyewe, ujana ukiwa bado kichwani, niliwahi kuking'arisha kile kijiteremko cha chemba kwa msasa kwa sababu nilisoma mahali kwamba kinasaidia. Kilichokuwa kibovu ni magazini. Mtutu niliununua mwingine.

Siku ya pili na ya tatu

Siku ya pili piga 100 bila kuisafisha tangu kuanza mpaka mwisho. Changanya: mkono mmoja, kisha ule mwingine, magazini imejaa kabisa, magazini nusu. Hapa unatafuta kosa kwa makusudi.

Usirekebishe kitu cha kulengea bado. Asiyetumia mkono wa kushoto ambaye risasi zake zote zinaangukia chini kushoto, karibu kila mara anaushtukia mlio kabla haujatokea. Dawa yake ni risasi bandia za plastiki: mwenzako achanganye mbili tatu kati ya risasi za kweli bila wewe kuona. Ukikuta bandia, mdomo wa bastola utauona ukiinama wenyewe, hakuna mlio wa kuusingizia. Inaaibisha, na inafundisha kwa dakika tano. Mkufunzi akipiga akiwa ameegemeza mikono mezani na kundi lake nalo likaanguka kushoto, hapo ndipo utafute bisibisi.

Siku ya tatu ni hamsini za mwisho, na hizi ni zile utakazobeba kila siku. Ni ghali, roho itauma. Ikiwa ni za kichwa chenye shimo, mdomo wake mpana unaweza kukataa kupanda pale ambapo za mviringo zilipanda bila neno, na hutaki kulijua hilo usiku kwenye geti lako. Hesabu yangu: risasi mia za mwisho zipite bila kosa la bastola, hizi hamsini zikiwa ndani yake. Ikitokea moja, anza kuhesabu upya. Kosa la kidole gumba chako silihesabu, ila liandike.

Risasi zinazokaa ndani

Kuna jambo ambalo halitokei uwanjani, linatokea chumbani. Mtu anaitoa risasi ya chembani kila usiku kabla ya kufungia bastola kwenye sefu, asubuhi anairudisha ile ile, anakoki, anatoka. Kesho hivyo hivyo. Kila ikipandishwa kwenye kile kijiteremko, pua yake inagongwa, na kidogo kidogo kichwa kinazama ndani ya ganda. Nafasi ya baruti inapungua, na shinikizo siku itakapofyatuliwa linapanda juu ya kipimo. Kwa kuwa kwetu risasi ni za kuhesabu, wapo wanaokaa na zile zile kumi na tano miaka na miaka, na ile ya juu ndiyo inayogongwa kila asubuhi.

Kwa hiyo usiirudishe juu kila mara. Izungushe, ipeleke chini ya magazini, na baada ya kupandishwa mara mbili tatu itenge kwa ajili ya uwanjani. Mara moja kwa wiki zisimamishe zote juu ya meza karibu na dirisha, kitako chini, uziangalie kwa usawa wa jicho. Iliyofupika itaonekana hata kwa unene wa ukucha. Hiyo usiirudishe kwenye magazini wala usiifyatue. Ipeleke uwanjani au kwa mwuzaji, iharibiwe na ifutwe kwenye hesabu yako, na tarehe uiandike daftarini.